Piano ya dijitali ya kupigia nyumbani na kwenye shughuli: nichukue ipi?

Sauti ya Kihonda

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wa wapiga vinanda wenye uzoefu, maana nimeuliza madukani na kila muuzaji ananivutia kwenye alichonacho.

Mimi ni dada, naishi Morogoro, Kihonda. Napiga kinanda kwenye kwaya ya kigango chetu, na Jumamosi nyingi naitwa kwenye shughuli: harusi, sendofu, jubilei za masista. Nimekulia kwenye kibodi za vibonye 61, ile ya kanisani na hii yangu ya nyumbani. Tangu mwaka jana najifunza piano yenyewe, kwa nota za mistari mitano, kwa sista mmoja mzee mwenye piano ya mbao. Hapo ndipo shida ilipoanza. Kipande ninachokipiga vizuri kwake, nikifika nyumbani hakitoki. Vibonye vya kibodi yangu ni vyepesi mno, vinashuka kabla sijaamua, na nikipiga taratibu au kwa nguvu sauti ni karibu ile ile. Mkono wa kushoto ukitaka kwenda chini zaidi, kibodi imeisha.

Nataka piano moja itakayonifaa kote kuwili. Nyumbani nimepanga vyumba viwili, nachangia ukuta na majirani, mtoto wangu analala saa mbili, kwa hiyo mazoezi yangu ni ya usiku kwa hedifoni. Kwenye shughuli nakwenda na bajaji, au gari la kwaya likipatikana, na mbebaji ni mimi mwenyewe. Habari za umeme mnazijua.

Bajeti ni milioni mbili, nikijikamua sana mbili na nusu, pamoja na stendi na pedali. Majina niliyoandika ni Casio CDP-S110, Casio PX-S1100, Roland FP-10 na Roland FP-30X. Kuna kaka mmoja pia hapa Moro anauza Yamaha P-125 aliyoitumia nyumbani kwake. Muuzaji mmoja ameniambia nitafute yenye sauti nyingi, kwamba ya sauti mia tano haiwezi kulinganishwa na ya sauti kumi na nane. Ni kweli? Nichukue ipi?

Fundi Vinanda Temeke

Tumsifu Yesu Kristo, dada yangu. Nimepiga kinanda kanisani tangu ujana na sasa nafundisha kwaya na kutengeneza vinanda hapa Dar, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu, univumilie.

Hiyo habari ya sauti mia tano iweke kando kabisa. Kwenye piano, wingi wa sauti ndicho kitu cha mwisho kutazama. Sauti utaziongeza siku yoyote: zote ulizotaja zina tundu la USB, unaunganisha na kompyuta, unafungua programu ya piano, unapiga. Spika utaongeza. Stendi utachomelewa hapo hapo Msamvu. Kuna vitu viwili tu ambavyo ukivikosa siku ya kununua ndiyo basi: vibonye vyenyewe, na matundu ya kutolea sauti. Pesa yako yote iende huko.

Nianze na vibonye. Kwa yule sista, kila ukibonyeza unarusha nyundo ikagonge waya. Nyundo za besi ni nzito, za juu ni nyepesi. Piano ya dijitali haina waya wa kugongwa, lakini kwenye zile nzuri kila kibonye kinainua nyundo ndogo yenye uzito, na uzito huo unapungua kadiri unavyopanda kwenda kulia. Kibodi yako ya 61 ina springi tu, ndiyo maana vidole vyako vinachanganyikiwa ukihama. Zote tano ulizozitaja zina nyundo na vibonye 88, kwa hiyo hukukosea kuchagua. Tofauti iko kwenye ubora wa nyundo hizo.

Mbinu ya dukani ni hii. Usianze kwa kupiga wimbo. Zima sauti, bonyeza kibonye kimoja polepole sana mpaka chini, usikilize kidole chako. Kwenye zile Roland mbili, karibu na mwisho utahisi kikwazo kidogo, kama unavyokihisi kwenye piano ya mbao. Kisha ingiza vidole ndani kabisa, kati ya vibonye vyeusi, karibu na ukingo wa ndani, ubonyeze hapo. Hii inasahaulika sana. Ukipiga kwa A bemoli au kwa F-shapu, zenye vibonye vyeusi vingi, vidole vinaishi huko ndani, na kwenye piano zilizofinywa kuwa nyembamba, kama PX-S1100, kibonye huwa kizito zaidi huko kuliko nje, kwa sababu mhimili wake uko karibu. Kuna wasiojali kabisa. Kuna wengine kinawachosha mkono ndani ya nusu saa. Huwezi kujua uko kundi gani kwa kusoma mtandaoni. Nenda ukabonyeze.

FP-10 na FP-30X zina vibonye vile vile, wala hakuna tofauti mkononi. Ndivyo ilivyo pia kwa RD-88, ile ya jukwaani, ambayo bei yake iko mbali na yetu. Kwa mtu anayejifunza piano kwa dhati, vibonye hivyo ndivyo ningempa kwa bei hizi. Tena juu vimetiwa mkwaruzo fulani, kidole chenye jasho hakitelezi, na jasho la Moro mwezi Januari unalijua.

Sasa matundu. FP-10 na CDP-S110 zina tundu moja tu dogo la hedifoni. Unaweza kutoa sauti hapo kwa waya wa jeki ndogo unaogawanyika mara mbili, na watu wanafanya hivyo, ila ukichomeka tu spika za piano zinazimika. Umekaa jukwaani, ukumbi mzima unakusikia, wewe mwenyewe hujisikii mpaka fundi mitambo akuwekee spika ya kwako, na mara nyingi hana. Halafu jeki ile ndogo ikiguswa na mguu wa mtu inachomoka. PX-S1100, P-125 na FP-30X zina matundu mawili ya jeki kubwa, la kushoto na la kulia, na spika za piano zinaendelea kulia mbele yako huku sauti ikienda kwenye miksa. Kwa mtu wa shughuli jambo hili ni kubwa. Ukikutana na FP-30 ya mtumba isiyo na X, ujue haina matundu hayo, yaliongezwa kwenye X iliyotoka mwaka 2021. Kuna watu wanaziuza kama ni kitu kimoja.

Uzito: PX-S1100 ina kilo 11.2, P-125 kilo 11.8, FP-10 kilo 12.3, FP-30X kilo 14.8. Kwenye karatasi unaona tofauti ni kama kilo tatu na nusu tu. Zipandishe ghorofa ya pili ya ukumbi usio na lifti ndipo uamue. Urefu zote ni kama mita moja na sentimita thelathini, kwenye bajaji unailaza kwa mshazari kiti cha nyuma, wewe unabanana pembeni.

Umeme: hizo Casio zote mbili zinakubali betri sita ndogo za AA. Umeme ukikatika katikati ya mazoezi unaendelea. Usilidharau hilo.

Kuhusu ile P-125 ya mtumba. Chini ya kila kibonye kuna swichi mbili za mpira, moja hufunga kabla ya nyingine. Mashine haipimi nguvu ya kidole, inapima muda unaopita kati ya swichi ya kwanza na ya pili. Muda mfupi, sauti kubwa. Vumbi au chumvi ikiingia hapo, hesabu inaharibika: kibonye kinalipuka hata ukikigusa kidogo, au kinanyamaza. Basi kaa mbele yake, anzia chini kabisa kushoto, piga kibonye kimoja kimoja mpaka cha 88 kwa nguvu ndogo ile ile, vyeupe na vyeusi, bila kuruka. Kile kitakachoruka juu ya wenzake utakisikia bila kutafuta. Kusafisha kunawezekana, unafungua, unafuta mipira kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, lakini bei nayo ishuke.

Ukiniuliza mimi, FP-30X ikipatikana ndani ya bajeti, chukua. Isipopatikana, PX-S1100 au hiyo P-125, vidole vyako viamue.

Mama Nota, Mwanza

Dada, hongera kwa kuanza kusoma nota. Nafundisha watoto piano huku Mwanza na Jumapili nipo kwenye kinanda, kwa hiyo nakuelewa. Mwalimu wa Temeke amesema vizuri, ila kuna jambo hakuligusa na lisipoguswa utaumia kanisani.

Piano ya dijitali haina biti. Jiulize kwaya yenu inaimbaje. Kama shangilio na nyimbo za matoleo mnazipiga na mdundo wa kibodi, na wanakwaya wamezoea kuingia baada ya ngoma kugeuka, siku ukipeleka piano tupu watapotea. P-125 ina midundo michache tu ya kufanyia mazoezi, haiwezi kuongoza kwaya. Yamaha DGX-670 ina mitindo 263 na vibonye vya nyundo, ila inakaribia kilo 21 na nusu, na bajaji hiyo uliyoitaja itabidi iwe ya kukodi peke yako na kijana wa kukubebea.

Jambo la pili ni kuhamisha sauti. Niseme wazi kwa upendo: wengi wetu tuliojifunzia kanisani tunapiga kwa do moja au mbili, tunabonyeza kitufe, kinanda kinapanda au kushuka kufuata kwaya. Kwenye kibodi vitufe hivyo viko juu, unabonyeza huku padri akimalizia sala. Kwenye piano nyingi za daraja hili hakuna kitufe cha namna hiyo. Unashikilia kitufe kimoja kwa mkono wa kushoto, unatafuta kibonye fulani kwa mkono wa kulia, hakuna kioo cha kukuonyesha umefika wapi. Mwanakwaya akianzisha wimbo nusu sauti juu, huna muda huo. Kama unapiga kwa F, kwa G, kwa A bemoli bila msaada, haikuhusu. Kama bado, ujipange.

Kwa hiyo ushauri wangu ni tofauti. Usiuze kibodi yako ya 61. Kanisani iendelee. Piano iwe ya nyumbani na ya zile shughuli ambako unapiga wewe na muimbaji mmoja, au unapiga peke yako watu wakila. Huko hakuna anayetaka biti, wanataka piano. Ukifanya hivyo hata FP-10 inatosha, na pesa inayobaki unalipia masomo ya mwaka mzima na stendi ya maana. Nawaona wazazi wananunua mashine kubwa, mtoto anakaa kwenye kiti cha plastiki, viwiko viko chini ya vibonye, baada ya miezi mgongo unauma anaacha. Juu ya vibonye vyeupe iwe kama sentimita 72 hadi 74 kutoka sakafuni, kiti ndicho kipande na kushuka. Stendi ya msalaba, ile ya miguu iliyopishana kama X, kwa piano ya vibonye 88 hapana, magoti yanagonga na inayumba ukipiga kwa nguvu. Mpe fundi vipimo akuchomelee ya bomba za mraba, miguu minne, iwe ya kukunja.

Na pedali ile nyeusi ndogo ya kibati inayokuja ndani ya boksi, kwenye vigae inakimbia. Iweke juu ya kipande cha zulia.

Mwana wa Nyali

Salaam kwenu nyote. Mimi ni wa Mombasa, napiga mahotelini huku Bamburi na Nyali, wageni wakiwa wanakula chakula cha jioni. Da Mama Nota amenena kweli kuhusu biti. Mimi nitaongeza ya jukwaani, kwa kuwa nyumbani umeshauriwa vya kutosha.

Spika za ndani ya piano hizi ni za chumba. P-125 ina wati saba kila upande, FP-30X ina kumi na moja. Ukumbi wenye watu mia mbili wanaozungumza, hizo zinakusikilizisha wewe tu. Lazima uingie kwenye miksa, na hapo ndipo piano nzuri inapoharibika ikasikika kama bati. Sababu moja ni hii: sauti ya piano ndani ya mashine imerekodiwa pande mbili, kushoto na kulia. Mitambo mingi ya harusi ni ya upande mmoja. Fundi akichukua waya wa kulia peke yake, umepoteza nusu. Akichanganya pande mbili kienyeji, baadhi ya noti zinafifia, sauti inakuwa ya ndani ya pipa. Tazama nyuma ya piano, tundu la kushoto limeandikwa pia MONO au L+R. Chomeka hilo peke yake, la kulia liache wazi, na piano yenyewe itachanganya pande mbili inavyotakiwa. Mwambie fundi mitambo mapema, kwa heshima, kabla watu hawajaingia.

Waya ukiwa mrefu kuelekea miksa unavuta mngurumo wa umeme, hasa ukipita sambamba na nyaya za taa. Nunua kiboksi cha DI. Kidogo tu, kinaingia mfukoni mwa begi la piano, kinageuza sauti iende kwenye waya wa maikrofoni bila kelele. Nimekuta kumbi za fahari hazina hata kimoja.

Usikubali kamwe kuunganisha na spika kwa Bluetooth. Utapiga sasa, sauti itoke baadaye kidogo, na mkono unashindwa kujifuata. Bluetooth ya FP-30X, kwa upande wa sauti, ni ya kuleta muziki wa simu ndani ya piano, haipeleki piano nje.

Kisha begi. Usinunue piano ya kusafiri bila begi lenye sponji nene kwenye ncha zote mbili. Vibonye vya mwisho, kile cha chini kabisa na kile cha juu kabisa, ndivyo vinavyogongwa kwenye mlango wa gari. Na sisi wa pwani tuna la ziada: hewa ya chumvi. Piano haikai karibu na dirisha la upande wa bahari. Ukimaliza kupiga funika kwa kitambaa cha pamba, nailoni inafungia unyevu ndani. Moro mna afadhali, ila vumbi lenu nalo si dogo.

Kwa kazi yangu mimi ningechukua iliyo nyepesi na yenye matundu makubwa mawili, hizo nyingine ningewaachia wanaopiga sebuleni. Kila usiku nabeba mwenyewe, na mgongo sina wa akiba.

Mbongo Bremen

Nitaongea kifupi kwa anayefikiria kuagiza mtumba kutoka huku Ujerumani. Piano hizi zinapatikana kwa watu waliowanunulia watoto na mtoto akaacha, nyingi hazijachoka. Ila ukituma kwa kontena, ifungwe ikiwa imelala, na usiruhusu isimamishwe kwa ncha moja, vibonye vinabeba uzito wa piano nzima na kuvunjika. Adapta ya huku ni ya volti 230, nyumbani inafanya kazi, unabadilisha plagi tu. Ikitoka Japani, hapana: kule umeme ni volti 100, na adapta isiyoandikwa 100 mpaka 240 ukiichomeka Morogoro inaungua mara moja. Piano yenyewe haina shida, ni adapta tu ya kubadilisha. Piga hesabu ya usafiri na ushuru kabla hujafurahia bei.

Sauti ya Kihonda

Milele amina, mwalimu wa Temeke, na shikamoo. Mama Nota shikamoo pia. Asanteni wote, nimechapisha majibu yenu nikaenda nayo Kariakoo.

FP-30X niliipata. Kile kikwazo cha mwisho nilikihisi, nikakaa pale nabonyeza kibonye kimoja mpaka muuzaji akaniuliza kama kina tatizo. Ni piano nzuri sana, mkono ulitulia kama niko kwa sista. Bei ilivuka hata ile mbili na nusu kabla ya stendi. PX-S1100 nayo nilipiga. Nje ni tamu, ila kwa A bemoli kidole cha nne kilikuwa kinasukuma. Kipande ninachofanyia mazoezi sasa ni cha A bemoli chote, kwa hiyo niliiacha.

Jana nimekwenda kwa yule kaka kuiona P-125. Nimepiga vibonye vyote 88 kama mwalimu alivyoelekeza, taratibu, nimefumba macho, mwenye mali ameshika tama ananiangalia. Hakuna hata kimoja kilichoruka. Matundu mawili ya nyuma yapo, nilichomeka waya wa kwaya kwenye la kushoto na spika yetu ndogo, inatoa. Ndani ya vibonye vyeusi inaingia vizuri. Sio kama FP-30X, sikatai, kidole kinajua. Lakini tumekubaliana bei inayoniachia hela ya begi, stendi ya fundi, kiboksi cha DI na pedali ya kweli. Kibodi yangu siiuzi, Mama Nota, kanisani itabaki hiyo.

Nina maswali mawili kabla sijalipa kesho. Adapta aliyonayo si ya Yamaha, imeandikwa volti 12 na ampea 1. Piano inawaka, ila nikipandisha sauti na kupiga kodi nene (noti nyingi kwa pamoja) kwa mikono miwili ilizimika mara moja ikawaka tena. Ni adapta au ni piano? Na la pili, pedali aliyonionyesha inafanya kinyume: nisipokanyaga sauti zinaendelea kulia, nikikanyaga zinakatika. Anasema ndivyo zilivyo.

Fundi Vinanda Temeke

Marahaba, dada yangu. Umefanya kazi nzuri kuliko wanunuzi wengi wanaokuja kwangu.

Kwanza adapta. Ile inayotakiwa kwenye P-125 ni PA-150, volti 12, ampea 1.5. Hiyo ya ampea 1 inaishiwa nguvu pale unapodai sauti kubwa, volti zinashuka, piano inajizima kujilinda. Dalili ulizoeleza ndizo hizo. Lakini usilipe kwa kuniamini mimi tu. Azima au nunua adapta ya volti 12 yenye ampea 1.5 au zaidi, ampea zikizidi hazidhuru, volti zisizidi. Tazama na kile kimchoro cha duara chenye alama ya jumlisha na kutoa: jumlisha iwe ndani, kwenye kishimo cha katikati. Irudishe piano kwenye sauti ya juu, piga zile kodi zako nene kwa robo saa, pedali imekanyagwa. Ikizimika tena, hiyo ni piano, usinunue kwa bei mliyokubaliana. Isipozimika, lipa. Na mkiishaelewana, adapta mpya itolewe kwenye bei.

Kwenye pedali anakosea. Kuna pedali ambazo swichi yake imefungwa ikiwa imeachwa na nyingine imefungwa ikikanyagwa, kila kampuni na chaguo lake. Ukichanganya ya kampuni moja na piano ya nyingine unapata hicho kinyume. Pedali nyingine zina kiswichi kidogo chini ya tumbo, igeuze uone, ukisukuma upande wa pili inakaa sawa. Kama haina, zima piano kwanza, chomeka pedali bila kuikanyaga, halafu washa. Piano nyingi huisoma pedali wakati wa kuwaka na kujirekebisha. Ikigoma, tafuta ya Yamaha: FC4A kama unataka swichi ya kawaida, FC3A kama unataka kukanyaga nusu, na kwa vipande unavyosoma na sista hiyo ya pili itakusaidia zaidi.

Ukiipeleka nyumbani, zulia lisiwe la pedali tu, tandika chini ya stendi nzima. Ukipiga usiku na hedifoni wewe husikii, lakini vibonye vinagonga, na mgongano huo unapita kwenye sakafu na ukuta mpaka kwa jirani.